Masazo ya Boazi na Mshahara wa Mwanafunzi

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi hulisikia neno hilo kama njia ya kumfukuza mgeni kwa adabu. Sisi tumejifunza kulisikia kwa namna nyingine. Anayepewa jembe amekubaliwa nyumbani. Hahesabiwi tena miongoni mwa wanaolishwa, bali miongoni mwa wanaolima. Lakini liko swali ambalo methali haikulijibu: aliyetoa jembe ana wajibu gani kwa yule aliyelipokea?

Swali hilo lilitukuta kazini. Sisi ni Wakristo watatu tunaofanya kazi katika maktaba ya chuo kikuu kimoja nchini Marekani, na kila mwezi wa Agosti huajiri wanafunzi. Tangu mwaka 1964 serikali ya nchi hiyo ina mpango wa kuwasaidia wanafunzi wenye uhitaji kwa njia ya kazi. Mwanafunzi hupangiwa kiasi fulani cha fedha kwa mwaka, naye hukipata kwa jasho lake, saa baada ya saa. Kwa kawaida serikali hubeba hadi asilimia 75 ya mshahara huo, na chuo hubeba kinachobaki. Kwa hiyo mwanafunzi anayelipwa dola 12 kwa saa aweza kuigharimu idara dola 3 tu.

Mwaka mmoja tulimwajiri binti aliyezaliwa Kongo na kukulia kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, kabla ya familia yake kupelekwa Marekani kama wakimbizi. Alitusalimu shikamoo kila asubuhi, akarudisha vitabu rafuni bila kukosea namba. Alikuwa amepangiwa dola 2,400. Kwa saa 10 za kila wiki, hizo ni wiki 20. Mwisho wa Februari zilikwisha, na muhula ulikuwa bado na wiki kama 10. Tulimwita, tukamshukuru, tukamwambia asirudi tena mpaka mwaka mpya wa masomo. Akauliza kwa upole, “Kwani kazi imekwisha?”

Nyuma yake mikokoteni miwili ilikuwa imejaa vitabu. Hatukuwa na la kujibu.

Ndugu msomaji, hatukuvunja sheria yoyote. Kila senti aliyostahili alilipwa. Lakini swali lake lilitufunulia jambo: tulikuwa tumemwajiri kwa sababu alikuwa rahisi, si kwa sababu tulimhitaji wala kwa sababu yeye alituhitaji. Ruzuku iliyokusudiwa kumsaidia yeye, sisi tuliifanya kuwa msaada wa idara yetu.

Tukarudi kwenye kitabu cha Ruthu. Torati iliwaamuru wenye mashamba wasivune hadi pembeni, wala wasiokote masazo, bali wawaachie maskini na wageni. Huo ulikuwa mpango wa sheria, na Ruthu Mmoabi, mgeni na mjane, aliutumia. Angalieni kwamba hakuletewa unga mlangoni. Aliinama juani tangu asubuhi, na jioni akayapura mwenyewe aliyoyaokota, yapata efa moja ya shayiri. Ilikuwa kazi ya kweli, yenye matokeo ya kweli.

Lakini Boazi hakuishia kwenye sheria. Aliwaagiza vijana wake wasimguse wala wasimwaibishe. Kisha akawaambia wachomoe mashuke kutoka katika miganda yao wenyewe na kumwachia kwa makusudi. Na Ruthu aliendelea kuokota katika shamba hilo mpaka mavuno ya shayiri na ya ngano yakamalizika. Sheria ilitoa pembe za shamba. Boazi alitoa kutoka katika mganda wake.

Hapo ndipo tulipojiona. Asilimia 75 ya serikali ni pembe za shamba. Kuzigawa si ukarimu wetu, maana hazikuwa zetu. Ukarimu wetu huanza pale sheria inapokoma, na sisi tulikuwa tumekoma papo hapo. Kumlipa binti yule hadi mwisho wa muhula kungetugharimu kama dola 1,200. Mwaka huo huo tulikuwa tumebadilisha viti vya ofisini ambavyo havikuwa vimevunjika.

Mtu atasema: bajeti ni bajeti, na mwajiri si mfuko wa sadaka. Ni kweli. Mwingine atauliza habari za wanafunzi wa kigeni waliokuja kwa viza ya masomo, ambao mpango huu wa serikali hauwahusu. Je, si haki nao kufikiriwa? Ni haki. Ruzuku ikiwa ndiyo kipimo chetu cha kwanza, wao hawataonekana kamwe. Hatudai kwamba tumelimaliza jambo hili. Tunachosema ni kwamba bei ya mtu haiwezi kuwa swali la kwanza linaloulizwa juu yake.

Kuna mahali ambapo tumejifunza. Chuo cha Berea, huko Kentucky, kilianzishwa mwaka 1855 na Wakristo waliopinga utumwa. Wanafunzi wake hawatozwi ada ya masomo, na kila mmoja hufanya kazi angalau saa 10 kwa wiki. Pale ambapo wote wanafanya kazi, jembe halimtambulishi maskini.

Siku hizi tunahesabu saa za kila mwanafunzi tangu wiki ya kwanza, ili fedha zake zimfikishe Mei. Tunatenga kiasi katika bajeti yetu kwa ajili ya wale watakaopungukiwa. Na hatumpi mtu kiti cha kukalia tu. Tunampa kazi ambayo asipoifanya, itaonekana.

Binti yule hakurudi kwetu. Alipata kazi ya usiku ya kufunga mizigo ghalani, akamaliza muhula kwa macho mekundu. Bado hutusalimu shikamoo tukikutana, nasi huitikia marahaba kwa aibu kidogo.

Nawe unayemwajiri kijana, hata kama ni kufagia uwanja wa kanisa, jiulize anachookota kimetoka wapi: pembeni mwa shamba, au katika mganda wako?