Anayeshika Wavu

Kwa majuma manane, kila Jumapili jioni, kazi yangu ilikuwa kuchagua nani aliwe.

Nilikuwa mwanafunzi Sheffield, Uingereza, nikiishi nyumba ya kupanga na mwenzangu mmoja aliyefuga aksolotli. Kama hujawahi kumwona, huyu ni salamanda aliyekataa kukua. Jamaa zake wengi huanza maisha majini, kisha hupoteza matamvua na kutoka nchi kavu. Yeye hubaki majini mpaka kufa, matamvua yake matatu kila upande wa kichwa yakipepea kama manyoya. Hana kope, kwa hiyo hafumbi macho. Akipoteza mguu, huota mwingine. Kwao ni Xochimilco, kusini mwa Jiji la Mexico, na huko anakaribia kwisha: hesabu ya mwaka 1998 ilikadiria aksolotli 6,000 kwa kilomita moja ya mraba, ya mwaka 2014 ikakadiria 36. Wanaofugwa duniani ni wengi kuliko waliobaki kwao.

Mwenzangu alipata nafasi ya mafunzo kazini katika mji mwingine, akaniachia matangi mawili ya kioo. Kubwa lilikuwa la aksolotli, anayetaka maji yasiyozidi nyuzi 20. Dogo lilikuwa na uduvi wekundu wa mtoni, kila mmoja urefu wa sentimita mbili au tatu. Maelekezo yalikuwa mafupi. Chakula kikuu cha aksolotli ni nyungunyungu, wamo kwenye kopo. Kila Jumapili nichote uduvi watano, niwatie kwenye tangi kubwa.

"Watasafisha mabaki, na wakiliwa ni chakula," alisema. "Hakuna hasara."

Mimi ni mtoto wa Tanga. Nimekula uduvi kabla sijaweza kutamka jina lao. Kwetu huanikwa juani, huuzwa kwa kopo, huoshwa kutoa mchanga, hukaangwa kwa kitunguu au hutiwa tui. Sijui ni wangapi wanaoingia kwenye tonge moja, kwa sababu sikuwahi kuwahesabu. Kwa hiyo majuma ya kwanza hayakunipa shida. Nilizamisha wavu, nikachota watano, nikawamwaga. Aksolotli haoni vizuri. Husubiri kitu kitikisike karibu na pua yake, kisha hufungua kinywa ghafla, na maji huingia pamoja na chochote kilichomo. Sekunde moja uduvi yupo, ya pili hayupo.

Shida ilianza kwa kutazama. Usiku wa kuandika tasnifu ni mrefu, na tangi dogo lilikuwa mezani pangu. Nikaanza kumtambua mmoja, jike mwenye mstari mweupe mgongoni, aliyebeba mayai chini ya tumbo. Uduvi hawa hubeba mayai yao karibu mwezi mzima, wakiyapepea kwa miguu ya tumboni ili maji mapya yapite. Alipepea asubuhi, alipepea saa nane za usiku. Jumapili ya tano aliingia wavuni.

Nilimrudisha. Nikachota mwingine badala yake.

Nilidhani nimetenda huruma. Nilipokaa kitako nikaona nilichofanya hasa: nimemwokoa niliyemtazama, nikamtoa ambaye sikumtazama. Tofauti kati yao haikuwa kwao. Ilikuwa kwangu.

Nilimpigia mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti hivyo?"

Nikamweleza. Alicheka mpaka akakohoa. "Wewe! Uduvi uliokula hapa wanajaza jahazi, leo unamlilia mmoja wa Uzunguni?" Kisha akanyamaza kidogo. "Lakini babu yako alikuwa hanoi kisu mbele ya mbuzi. Wala hachinji mmoja huku mwingine anatazama. Mbuzi ataliwa, hilo halina mjadala. Ila hiyo saa yake, alikuwa akisema, iko mkononi mwako."

Maneno hayo yalinikaa. Kitoweo cha baharini hakichinjwi. Samaki, kamba na uduvi hufa vyovyote wafavyo, na mimi niliyekua pwani sikuwahi kusikia adabu ya kuwaua ikitajwa. Nilichukulia kwamba hawahisi. Sasa dhana hiyo inazidi kuwa ngumu kuishika. Mwaka 2008 watafiti wa Belfast, akiwemo Robert Elwood, walichapisha matokeo ya kuwapaka kamba asidi ya siki kwenye ndevu. Kamba walisugua na kusafisha ndevu ile ile iliyopakwa. Waliotiwa ganzi kwanza walifanya hivyo kwa uchache. Mwaka 2021 ripoti ya London School of Economics, iliyoongozwa na mwanafalsafa Jonathan Birch, ilipitia tafiti zaidi ya 300 na kupendekeza kaa, kamba na jamaa zao wa miguu kumi wahesabiwe kuwa viumbe wenye hisia, ingawa ushahidi ulikuwa na nguvu zaidi kwa kaa kuliko kwa kamba. Mwaka 2022 wakaingizwa katika sheria ya Uingereza inayohusu hisia za wanyama.

Sheria hiyo inazungumza na serikali inapotunga sera. Haikuniambia nifanye nini Jumapili jioni. Na sayansi yenyewe inasema labda. Lakini labda ni neno zito ukiwa umeshika wavu.

Rafiki mmoja wa darasani aliniambia najitesa bure, kwani simba hula swala. Ni kweli. Aksolotli wa Xochimilco naye hula vijikamba vya huko kwao. Hana kosa, na hawezi kuwa nalo. Lakini uduvi wetu wekundu asili yao ni China na Taiwani. Hakuna mto duniani ambamo hawa wawili wangekutana wenyewe. Wamekutanishwa. Tena swala ana nyika ya kukimbilia, na simba mara nyingi hulala njaa. Tangi lina kona nne. Anayesema "ndiyo maumbile" akiwa ameshika wavu anajificha nyuma ya simba.

Nilijaribu njia ya kati. Nikaongeza majani ya majini na mawe makubwa ili uduvi wapate maficho, na kweli wengi wakaishi muda mrefu zaidi. Kwa wafugaji wengi suala huishia hapo: amepewa nafasi, mwenye bahati apone. Lakini kila asubuhi niliwakuta wamejibana mashinani. Wenzao wa tangi dogo walitembea kioo kizima mchana kutwa wakila ukoko wa kijani. Hawa waliuacha ukoko ule ule mbele ya macho yao. Nikawaza kwamba sikuwapa nafasi ya kupona. Niliwapa hofu ndefu, kama hofu wanayo, kisha nikaiita bahati.

Na lile la usafi? Wakati huo nilikuwa nafanya usafi maofisini alfajiri ili nilipe kodi ya nyumba. Najua jinsi mtu anavyoweza kupitwa koridoni akaonekana ufagio tu. Sisemi nilikuwa uduvi. Nilikuwa na mshahara, na mlango wa kutokea. Nasema tu kwamba "ana faida" ni sifa ambayo kiumbe hupewa na yule anayefaidi. Haijibu anastahili nini yeye mwenyewe.

Jumapili ya tisa sikuchukua wavu. Aksolotli akaendelea na nyungunyungu wake, wala hakukonda.

Msomaji makini ameshauliza: na nyungunyungu je? Naye hujinyonganyonga akishikwa. Hapa nina sababu moja na aibu moja. Sababu ni kwamba aksolotli lazima ale nyama, na nyungunyungu mmoja mnene humtosha kutwa nzima. Uduvi watano hawakumshibisha kamwe. Walikuwa nyongeza, karibu na burudani, yake na yetu. Aibu ni kwamba nyungunyungu hana macho, na hilo lilinirahisishia kazi.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Methali hii niliizoea kama onyo la wanadamu juu ya wanadamu. Siku hizi naona kwamba inamtaja nguruwe kwanza, kisha sote tunamruka tukimbilie nusu ya pili.

Ninachoamini sasa ni kidogo. Siamini kwamba kila mlaji ni mkosaji. Naamini kwamba aliyejenga kuta, akachagua nani awe ndani na nani amkute humo, amejitwika deni ambalo mto hauna. Deni hilo halidai kila kiumbe aishi. Linadai usimtie hatarini kwa jambo usilolihitaji. Na ukilihitaji, ulifanye upesi, ukiwa unatazama.

Mwenzangu aliporudi alikuta tangi dogo limejaa. Yule jike alikuwa ameangua, na watoto wake walikuwa wadogo kama ncha ya kalamu.

"Mbona wengi hivi?"

Nikamwambia niliacha kuwapeleka, nikamweleza na kwa nini. Alinisikiliza kwa adabu, akasema hajawahi kulifikiria hivyo. Jumapili iliyofuata nilikuwa jikoni niliposikia maji yakimwagika kwenye tangi kubwa. Matangi ni yake. Sikusema kitu, na mpaka leo sijaamua kama kunyamaza kule kulikuwa heshima au uvivu.

Desemba nilirudi Tanga. Mama akapika uduvi wa nazi, akaketi mbele yangu akanitazama, akijizuia kucheka. Nilikula, tena nikaongeza. Ila tonge la kwanza nilikaa nalo kidogo mkononi, nikaviangalia vile vidoa vyeusi, viwili viwili, ambavyo utotoni nilidhani ni mchanga uliogoma kutoka.