Umri Mrefu na Mkono Mrefu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kutoa uhai na kuuchukua. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ama baad. Msomaji mtukufu, katika majumba yetu ya pwani, kuanzia Lamu na Mombasa mpaka Tanga, Unguja na Pemba, si ajabu kumkuta nyanya aliyefikia miaka themanini au tisini naye bado yu pamoja nasi. Wala si ajabu kuwa nyanya huyo ni fundi: msukaji wa mikeka, mdarizi wa kofia, mpakaji wa hina au mtungaji wa tenzi. Siku hizi wajukuu wamezoea kumfanyia shughuli. Watu hukusanyika kutoka karibu na mbali, wengine kutoka Maskati na London, picha hupigwa, kazi za mikono yake hutandazwa zikatazamwa, na kila mmoja humwendea akamwambia, "Hongera, nyanya, kwa umri mrefu."

Watu huuliza kama jambo hili lafaa. Jawabu ni fupi. Mishumaa na kuiga ada za wengine hatuna haja nazo. Ama kukusanyika kumshukuru Mola, kumwombea mzee dua, kuunga udugu na kulisha watu, hayo ni mema siku yoyote yatakapofanywa. Lakini liko swali kubwa kuliko hilo, na hilo ndilo nitakalo tulizingatie pamoja: tunapompongeza mtu kwa umri mrefu, twampongeza kwa lipi hasa?

Fikiri, ndugu yangu. Miaka tisini haikufanywa na nyanya. Hakuisuka wala hakuishona. Ni amana aliyopewa na Mola wake, na lau angetaka kuiongeza siku moja asingeweza. Yuko aliyeishi miaka mingi akaijaza dhulma, na yuko aliyekufa kijana akaacha mema tele. Qur'ani Tukufu, katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 96, inawataja watu waliotamani kuishi miaka elfu, kisha ikabainisha kuwa urefu huo usingewaepusha na adhabu. Kwa hiyo miaka peke yake si sifa. Ni chombo tu, na chombo huulizwa kimetiwa nini.

Amepokea Imam Tirmidhi kuwa Mtume (S.A.W.) aliulizwa ni nani aliye bora katika watu, akaeleza kuwa ni yule aliyepewa umri mrefu na vitendo vyake vikawa vizuri. Na alipoulizwa aliye muovu wao, akamtaja aliyepewa umri mrefu na vitendo vyake vikawa viovu. Umri ni ule ule, na hukumu ni mbili mbalimbali. Kilichozitenga ni amali.

Hapa huenda msomaji akasema: "Sawa, amali ni sala, saumu na zaka. Mkeka na kofia vyaingiaje hapo? Hiyo si kazi ya dunia tu?" Mwenye kusema hivyo na amtazame Mama wa Waumini, Bibi Zaynab binti Jahsh (R.A.). Katika Sahihi Muslim imepokewa kwa Bibi Aisha (R.A.) kuwa Mtume (S.A.W.) aliwaeleza wakeze kuwa wa kwanza kumfuata baada ya kufa kwake ni yule mwenye mkono mrefu zaidi kati yao. Wakawa wanapimana mikono kuona ni ya nani iliyo ndefu. Kumbe aliyekusudiwa ni Bibi Zaynab, naye hakuwa mwenye mkono mrefu wa kiwiliwili. Alikuwa akifanya kazi kwa mkono wake na akitoa sadaka. Wanavyuoni wa sira wameeleza kuwa alikuwa fundi, akitengeneza ngozi na kushona, na alichokipata akiwapa maskini. Alifariki mwaka wa 20 wa Hijra, naye umri wake haukuwa mkubwa.

Zingatia jambo hili, kwani ndilo moyo wa maneno yangu. Aliyesifiwa kwa urefu ni mwanamke ambaye umri wake haukuwa mrefu. Urefu ulikuwa wa mkono, na mkono ulirefuka kwa kazi na kwa kutoa. Basi mwanamke anayechana ukindu, akauanika, akautia rangi, akasuka ukili pima kwa pima, kisha akaunga ukili kwa ukili mpaka ukawa msala wa mtu kusalia, huyo si mchezaji wala mpoteza wakati. Akikusudia halali, na akatoa katika pato lake, yumo katika njia ya Bibi Zaynab. Na uzuri anaoutia katika kazi yake si upuuzi. Mtume (S.A.W.) ametufundisha, kama ilivyo katika Sahihi Muslim, kuwa Mwenyezi Mungu ameandika ihsani katika kila jambo, hata katika kuchinja mnyama. Ikiwa kisu kimewekewa ihsani, vipi mkeka usiwekewe?

Sasa tuingie katika jambo la pili: nini faida ya fundi huyo kuishi miaka mingi? Lau mkono ndio wenye sifa, miaka ina kazi gani?

Jawabu tutalipata kwa mwanamke wa Baghdad aliyeitwa Shuhda binti Ahmad al-Ibari. Huyu aliishi zaidi ya miaka tisini, akafariki mwaka wa 574 wa Hijra, yaani 1178. Watu walimpa majina mawili ya sifa. La kwanza ni Fakhrun-Nisaa, fahari ya wanawake. La pili ni al-Katiba, mwandishi, kwa uzuri wa hati ya mkono wake. Alikuwa fundi wa khati na mwalimu wa hadithi kwa pamoja, na miongoni mwa waliosoma kwake ni Imam Ibn al-Jawzi na Imam Ibn Qudama.

Kwa nini wanavyuoni wakubwa kama hao waliketi mbele ya bibi mkongwe? Si kwa kumhurumia, wala si kwa kumtimizia ada. Yeye alisikia hadithi angali mdogo, kwa masheikh waliokuwa wazee wakati ule. Masheikh wale walikufa, na wanafunzi wenziwe wengi wakafa, akabaki yeye. Ikawa kijana aliyetaka sanadi fupi, yaani mnyororo wa watu wachache kati yake na wa kale, hana budi kwenda kwa Bibi Shuhda. Kila mwaka aliozidishiwa ulimfanya awe daraja lenye thamani zaidi. Hiyo ndiyo faida ya umri mrefu wa mwenye elimu: huwaunganisha wadogo na wakubwa waliokwisha kupita.

Na ufundi wa nyanya yako nao una sanadi. Hebu tupige hesabu. Tuseme nyanya alizaliwa mwaka 1935, akafunzwa kusuka mwaka 1945, na aliyemfunza ni nyanya yake mwenye miaka sabini, aliyezaliwa mwaka 1875. Sasa tuseme anamfunza kitukuu aliyezaliwa mwaka 2015, naye Mungu amjaalie kuishi miaka themanini, mpaka 2095. Ni watu watatu tu, nao wameshika miaka mia mbili na ishirini. Lakini ukimtoa yule wa katikati bila ya kufunza, mnyororo wote umekatika, na hakuna fedha itakayouunga. Kitabu kikipotea huenda ikapatikana nakula yake kwengine. Mkono haunakiliwi ila kwa mkono mwengine uliokaa karibu nao.

Hapa ndipo lilipo deni letu. Majumba ya Mji Mkongwe wa Unguja yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na ya mji wa Lamu mwaka 2001, na hilo ni jambo la heri. Lakini ukuta wa mawe husimama hata aliyeujenga akifa. Kofia ya viua haisimami hivyo. Yataka kijana wa leo atoboe kitambaa kwa sindano, akosee, afumue, arudie, na mzee amtazame na kumwambia, "La, si hivyo." Twaisifu kofia ya nyanya katika shughuli, kisha twaenda dukani kununua iliyoshonwa kwa mashine. Twamkalisha juu ya mkeka alioufuma mwenyewe ili tumpige picha, na watoto wamelala juu ya mkeka wa plastiki. Twamwambia mkono wake ni wa dhahabu, na katika wajukuu ishirini hakuna hata mmoja ajuaye kuanza ukili. Hongera gani hiyo?

Imam Muslim amepokea kuwa mwanadamu akifa amali yake hukatika isipokuwa kwa mambo matatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema anayemwombea. Nyanya fundi anaweza kuyapata yote matatu kwako wewe. Msala aliousuka ukiutoa msikitini, ni sadaka. Ufundi wake ukijifunza ukajipatia riziki ya halali, huo ni ujuzi wenye manufaa. Na kila ushikapo ukindu ukamkumbuka ukamwombea, ndiyo dua ya mtoto mwema. Basi zawadi kubwa unayoweza kumpa mwenye umri mrefu ni kuurefusha mkono wake baada ya umri huo kwisha.

Mwanamke wetu wa pwani, Mwana Kupona binti Mshamu, alitunga utendi wake mwaka 1858 kumuusia binti yake, naye yu mgonjwa. Alifariki miaka michache baadaye, hata uzee hakuufikia. Leo imepita miaka zaidi ya mia moja na sitini na utendi wake ungali wasomwa. Umri wake ulikuwa mfupi na mkono wake mrefu, kwa sababu alikuwako binti wa kuupokea wosia ule na watu wa kuuhifadhi. Jiulize: nyanya yako ana nani?

Msomaji, nisipoongeza jambo la tatu nitakuwa nimekupoteza. Nimesema sifa yafuata mkono. Je, nyanya ambaye mkono wake umeanza kutetemeka, macho yamefifia na hawezi tena kutunga uzi katika sindano, thamani yake imekwisha? Na yule ambaye hakuwahi kuwa fundi wa kitu, hastahili chochote?

Hasha! Tusichanganye sifa na haki. Sifa hupatikana kwa kazi. Haki haikungoja kazi. Katika Sura ya Bani Israil, aya ya 23 na 24, tumeamrishwa kuwafanyia wema wazazi wakifikia uzee, tusiwatamkie hata neno la kuonyesha kuchoka nao, na tuwainamishie bawa la unyenyekevu. Wakati uliotajwa ni ule khasa ambapo mzee hana tena cha kutupa. Aya haikushurutisha awe fundi, wala awe na shukurani, wala awe na akili timamu. Na nyanya ni mzazi wa mzazi. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alikuwa akijikinga kwa Mola wake asirudishwe katika umri ulio dhaifu kabisa, ambao Sura ya An-Nahl, aya ya 70, inaueleza kuwa mtu husahau aliyokuwa akiyajua. Basi umri mrefu ni neema na ni mtihani pamoja. Yeye hutahiniwa kwa udhaifu wake, nasi hutahiniwa kwake.

Kwa hiyo jihadhari na heshima ya soko. Wako wanaomtukuza nyanya maadamu mikeka yake yanunuliwa na wageni, na fedha zaingia mifukoni mwao, hata yeye hajui kimeuzwa kwa kiasi gani. Siku mkono ukilemaa, chumba chake chawa kimya. Fedha ya kazi yake ni yake, mpe mkononi. Na siku atakaposhindwa kusuka, mkalie karibu kama ulivyomkalia alipokuwa akisuka. Haki yake kwako siku hiyo imezidi, haikupungua.

Katika Sura hiyo hiyo ya An-Nahl, aya ya 92, umepigwa mfano wa mwanamke aliyesokota uzi wake ukawa imara, kisha akaufumua vipande vipande. Mfano huo wahusu wenye kuvunja ahadi. Nasi siku ya shughuli twatoa ahadi nyingi mbele ya wageni: "Nyanya, tutakuja kila mara. Nyanya, tutakutunza. Nyanya, kazi yako haitapotea." Tusiwe wenye kusokota mbele ya watu na kufumua wakishaondoka.

Basi, ndugu yangu Mwislamu, na wewe dada yangu, ukiwa na mzee wa namna hii nyumbani, mfanyie shughuli, mle, mshukuru, mwombe dua. Lakini kesho yake rudi, bila mpiga picha. Kaa chini kwenye jamvi, mwambie, "Nifunze." Akiwa bado aweza, pokea mkono wake. Akiwa hawezi tena, mshike mkono huo tu, nao utakutosha kuwa ibada.

Ewe Mola wetu, wabariki wazee wetu katika umri waliobakiwa nao, wahifadhie akili zao na imani zao, wakubalie kazi za mikono yao, na uwarehemu kama walivyotulea tulipokuwa wadogo. Utujaalie tuwe warithi wao katika mema. Amin.