Blanketi la Ambaye Hajazaliwa

Blanketi la mtoto la kroshia huanza na kifundo kimoja cha kuteleza kwenye sindano fupi yenye ncha ya ndoano. Mfumaji huvuta uzi kupitia kifundo hicho, kitanzi kikazaa kitanzi, mpaka apate mnyororo wa upana anaoutaka, mara nyingi kati ya sentimita 75 na 90. Kisha hugeuza na kurudi, mstari juu ya mstari. Katika kazi yote hiyo kitanzi kilicho wazi ni kimoja tu, tofauti na sweta la sindano mbili, ambalo mstari mzima wa vitanzi hubaki wazi. Sindano ikichomoka na uzi ukavutwa, mstari wa juu huachia, wa chini yake hufuata, na kazi ya miezi mitatu hurudi kuwa donge la uzi kabla chai haijapoa.

Uzi wenyewe hurudi wote. Hakuna kilichokatwa, kama inavyokuwa kwa kitambaa kilichopita kwenye mkasi wa fundi cherehani. Kinachopotea ni zile jioni. Qur'ani, katika Sura An-Nahl aya ya 92, inatoa mfano wa mwanamke anayeufumua uzi wake baada ya kuusokota ukawa imara, na mfano huo unakuja katika kukataza kuvunja viapo. Wafasiri huusoma kama onyo juu ya ahadi, na ndivyo ulivyo. Hata hivyo nguvu yake inatokana na jambo ambalo kila mfumaji analijua: mwanamke yule hakupoteza mali, amepoteza umri. Hapo swali linaanza. Mtu anayemfumia mtoto blanketi, huku sokoni kumejaa mablanketi laini ya bei nafuu, anatoa kitu gani hasa?

Jibu la haraka ni kwamba anatoa kazi ya mkono. Kroshia yenyewe inalitia jibu hilo mashakani, kwa kuwa hakuna mashine ya kiwandani inayofuma kroshia halisi. Mashine zinazopewa jina hilo hutoa kitambaa cha aina nyingine kinachofanana nayo kwa mbali. Maana yake ni kwamba hata blauzi ya kroshia iliyotundikwa dukani kwa bei ya kutupa imefumwa na mtu, kitanzi kwa kitanzi. Wakati wa njaa kuu iliyoanza Ireland mwaka 1845, watawa wa kike waliwafundisha wanawake na wasichana kufuma lesi ya kroshia ili waiuze wapate chakula. Lesi hiyo ilipamba mabega ya matajiri. Mkono ulikuwepo, tena mkono hodari, lakini mapenzi kwa mvaaji hayakuwepo, wala hakuna aliyekuwa na haki ya kuyadai. Mwandishi Mwingereza David Pye, katika kitabu chake cha mwaka 1968 kuhusu ufundi, alitenganisha kazi ambayo matokeo yake yamehakikishwa na mtambo na kazi ambayo inaweza kuharibika wakati wowote fundi akikosea. Kroshia ni ya aina ya pili bila ubishi. Lakini tofauti hiyo inaeleza ubora wa kazi tu. Uzito wa zawadi haiugusi.

Dini zimetafuta jibu kwenye nia. Hadithi inayofungua Sahihi ya Bukhari, iliyopokewa kwa Umar bin al-Khattab, inaweka thamani ya matendo kwenye nia za watendao, na mwanazuoni al-Ghazali alilitengea suala hilo kitabu kizima ndani ya mkusanyiko wake uitwao Ihya. Kwa mtazamo huo, mablanketi mawili yanaweza kufanana kwa kila kitanzi na bado yasilingane. Biblia inalionyesha jambo hilo kwa Hana. Baada ya kumtoa mwanawe Samweli akatumike Shilo chini ya kuhani Eli, alimfanyia kanzu ndogo mwaka hadi mwaka na kumpelekea (1 Samweli 2:19). Masimulizi yale yamesimama kidogo kwenye kanzu hiyo. Mama anayemwona mtoto mara moja kwa mwaka hana budi kukadiria: amerefuka kiasi gani, mikono imefika wapi. Alikuwa akishona kwa kipimo cha mtoto aliye akilini mwake.

Nia, hata hivyo, haitoshi, na hili wahubiri wa nia njema hupenda kulipita haraka. Mtoto ana mwili, na mwili una masharti. Kidole kidogo hunasa kwenye tundu pana la lesi. Uzi unaochoma ngozi hauwi laini kwa sababu umefumwa na bibi. Rangi isiyostahimili sabuni haifai kwa mtu anayetapika maziwa. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri blanketi lisiwekwe kabisa mahali anapolala mtoto kabla hajatimiza mwaka, kwa hofu ya kukosa hewa, hivyo kazi ya blanketi ni kumfunika anapobebwa au kumtandikia chini akiwa macho. Tanga au Mombasa kanga inatosha. Njombe na Limuru uzi mzito una kazi. Mfumaji anayechagua matundu makubwa kwa kuwa yanapendeza kwenye picha amejifumia mwenyewe.

Ugumu mkubwa zaidi uko kwenye wakati. Blanketi hufumwa kabla mtoto hajazaliwa. Likikamilika mwezi wa nane wa mimba, ni la nani? Sheria ya Kirumi ilimhesabu aliye tumboni kuwa kama amezaliwa pale jambo lilipohusu manufaa yake. Katika sharia ya Kiislamu fungu lake la mirathi huwekwa kando akisubiriwa azaliwe hai, na wosia kwa mimba hukubaliwa. Lakini hiba wanazuoni wengi wameikataa, kwa sababu inahitaji mtu wa kuipokea na kuishika. Kwa kipimo hicho, blanketi bado ni mali ya bibi aliyelifuma, na akitaka anaweza kulifumua. Mwanasosholojia Marcel Mauss, katika insha yake maarufu ya mwaka 1925, aliiona zawadi kama wajibu wa namna tatu: kutoa, kupokea na kurudisha. Mtoto wa tumboni hawezi kupokea wala kurudisha. Mtu anaweza kujibu kwamba wazazi hupokea kwa niaba yake, na mara nyingi ni kweli. Blanketi la bibi mzaa baba lina siasa yake, linamdai mtoto kwa ukoo kabla hajapewa jina.

Kuna wanaoona kwamba kujiandaa mapema ni kumtangulia Mungu. Wayahudi wengi wenye asili ya Ulaya ya Mashariki hawaingizi vitu vya mtoto nyumbani kabla ya kuzaliwa, na katika familia nyingi za Afrika Mashariki kununua nguo mapema huhesabiwa kuwa ni kukaribisha mikosi au jicho la hasidi. Upande wa pili unashika mafundisho ya Kiislamu ya kumfunga ngamia kwanza, kisha kutawakali. Kroshia imejipatia njia ya katikati. Kazi iliyo mapajani haina sura maalumu kwa wiki nyingi, na mfumaji akiulizwa anaweza kusema ni kitambaa cha kochi. Mambo yakienda vingine, kitakuwa hicho kweli.

Lakini wako wanaofuma wakijua tayari. Uingereza na Marekani watu wa kujitolea hupeleka hospitalini mablanketi madogo sana ya watoto waliozaliwa wafu au waliotoka mapema mno. Baadhi huyafuma pacha: moja huenda na mtoto, jingine hubaki kwa wazazi. Madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, yamekaribia jambo hilo kwa njia yao: mimba iliyotimiza miezi minne ikatoka bila dalili ya uhai huoshwa, hukafiniwa na kuzikwa, ingawa haisaliwi.

Hapa hoja za awali zote zinapungukiwa. Baridi haipo, shukrani haitarudi, na sheria zile zile zilizomwekea mtoto fungu tumboni humwondolea asipozaliwa hai. Mwenye shaka atasema kwamba yote hufanywa kuwafariji wazazi. Maelezo hayo yanalitosha blanketi linalobaki nyumbani. Lile linalozikwa hayaligusi vizuri, isipokuwa ikubalike kwamba mtu anaweza kupewa kitu ambacho hatakuwa na uwezo wa kukipokea kamwe.