Mkate Kwanza, Safari Baadaye



Luka sura ya 13 ina habari ya mama aliyepinda mgongo miaka 18. Yesu akamwekea mikono, naye akanyooka papo hapo. Tunaipenda habari hii, na tumeihubiri mpaka kwa wengine imegeuka mzigo. Maana anayetoka kufanyiwa upasuaji wa uti wa mgongo hanyooki papo hapo. Kidonda cha nje hufunga baada ya wiki chache, nasi tukadhani kazi imekwisha. Kumbe ndani misuli iliyosogezwa ili daktari aufikie mfupa bado inauma, mshipa wa fahamu uliobanwa unatulia polepole, na kama pingili zimeunganishwa kwa vyuma, mfupa huchukua miezi mingi kushikana. Kiuno kuuma siku hizo mara nyingi si dalili ya upasuaji kushindwa. Wala si upungufu wa imani.

Nalisema hili kwa sababu ya mambo ninayoyaona sebuleni kwa watu. Jumuiya inafika, mgonjwa anatolewa kitandani na kuketishwa kwenye kochi lililobonyea, kiti kibaya kuliko vyote kwa mgongo wake. Anaimbiwa, anaombewa kwa zamu, halafu anatakiwa asimame ashuhudie. Akisema bado anaumwa, hakosi mtu wa kumwambia avue mkanda wa kushikilia mgongo kwa imani. Tukiaga, tunamwachia maumivu na vikombe vya chai vya kuosha.

Sasa someni 1 Wafalme 19. Eliya amechoka hadi kuomba kufa. Malaika anamgusa, anamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na chombo cha maji. Anakula, analala tena! Malaika hamkemei, anarudi mara ya pili na chakula kilekile, na anakiri kwamba safari ni kubwa mno kwake. Ushuhuda haukudaiwa. Safari ya kwenda Horebu, mlima wa Mungu, ilikuja baadaye.

Basi ninyi mliopasuliwa, kulala na kusaidiwa msikuonee haya. Kuinama, kunyanyua mizigo na kujipinda kiuno waachieni wengine mpaka daktari aruhusu. Unapoamka, geuka ubavu, mabega na nyonga vikienda pamoja. Shusha miguu, kisha jisukume kwa kiwiko na mkono. Tembea kidogo uani, mara kadhaa kwa siku, kuliko kujikongoja hadi sokoni siku moja ukalala tatu. Dawa za maumivu meza kwa saa ulizopangiwa, usingoje mpaka ushindwe kupumua. Zile kali hufunga choo, na kujikamua kunatonesha kiuno, kwa hiyo maji, papai na mboga za majani visikosekane. Diklofenaki ya dukani usijiongezee bila kumuuliza daktari, hasa kama umeunganishwa pingili, kwani inaweza kuchelewesha mfupa kushikana.

Na choo chetu cha kuchuchumaa, ambacho wahubiri hatukitaji, ndicho kinachowatesa wengi. Kiti cha plastiki imara kikitobolewa katikati na kuwekwa juu ya tundu, kinamrudishia mtu heshima yake. Vijana wa usharika, hiyo ni kazi ya nusu saa. Akina mama, mkienda kumwona, mmoja ajaze ndoo, mwingine adeki; sala iwe fupi, naye asikilize akiwa amelala. Kanisani, anayeshindwa kukaa ibada nzima asimame nyuma, na mzee wa zamu asimsukume kukaa.

Yako mambo yasiyongoja ratiba ya maombi: ganzi sehemu za siri na kati ya mapaja, mkojo kukataa au haja kutoka yenyewe, mguu kuishiwa nguvu, homa, kidonda kutoa usaha. Hapo ni hospitali usiku huohuo, na tutaombea ndani ya gari. Wazee wa mitaa wapange mapema ni gari la nani.