Msamaha wa Nini?

Barua ninayo hapa mezani. Karatasi moja, imekunjwa mara mbili, ina muhuri wa serikali ya mtaa, jina la mdogo wangu, umri wake, na sentensi ndefu inayosema kwamba mtajwa hapo juu ni mkazi wa mtaa huu, hana uwezo, anasumbuliwa na ugonjwa wa kifafa, na anaombewa msamaha wa matibabu. Nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyosoma baadhi ya vitabu ninavyovisifia hapa. Kila nikiisoma nakwama kwenye neno lile lile. Msamaha. Wa nini? Amekosa nini?

Najua, najua. Neno lina matumizi yake. Mwenye deni husamehewa deni, mfanyabiashara husamehewa kodi, na hakuna anayesema wametenda dhambi. Lakini mtu akishakaa kwenye benchi la ustawi wa jamii tangu saa moja asubuhi, amejifunga khanga ya kuazima kwa sababu ya kwake bado mpya mno, tofauti kati ya kusamehewa deni na kusamehewa kosa inakuwa ndogo sana.

Barua hiyo nilichapa mwenyewe. Nina steshenari ndogo huku Mbagala, kompyuta moja, mashine ya kopi moja, na barua za namna hii ni sehemu ya riziki yangu. Wanakuja: mama wa mtoto mwenye selimundu, mzee wa kisukari, binti anayemuuguza baba yake. Shilingi 500 kwa ukurasa. Nilikuwa nachapa bila kusoma, kama fundi cherehani anavyoshona nguo za shule. Mpaka ilipofika zamu ya kwetu.

Mdogo wangu alianza kuanguka akiwa na miaka 17. Mara ya kwanza tulisema njaa, kwa kuwa alikuwa amefunga. Mara ya pili shangazi akasema ni degedege la utotoni limerudi, akaja na majani ya kufukiza. Mara ya tatu alikuwa anakaanga chapati, na mkono ukaingia kwenye jiko la mkaa. Nyumba yetu ni ya kupanga, vyumba sita, na siku hiyo wapangaji karibu wote walikuwepo. Walisimama wakamzunguka. Mmoja aliita, "Jamani, msiguse povu!" Nikasimama na mimi. Sijui kwa muda gani. Mkono ulitolewa motoni na mtoto wa darasa la tano, ambaye nadhani hakuwa amefundishwa bado kuogopa.

Tangu siku hiyo nikaanza kusoma habari za ugonjwa huu, maana mtu wa vitabu akibanwa hukimbilia vitabu. Nikakuta kwamba daktari mmoja kutoka Norwei, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge, kule Ulanga, mwanzoni mwa miaka ya 1960, na aliandika juu ya makovu haya haya ya moto, na juu ya hofu hii hii ya kumgusa anayeanguka. Kifafa hakiambukizi kwa povu, wala kwa kumshika mtu, wala kwa kula naye sahani moja. Hilo linajulikana siku nyingi. Nikakuta pia kwamba dawa iitwayo fenobabitoni inatumika dhidi ya kifafa tangu 1912, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kabla hata Tanganyika haijaitwa Tanganyika. Na kwamba Shirika la Afya Duniani linasema dawa za mgonjwa mmoja zinaweza kugharimu kiasi kidogo kama dola 5 za Marekani kwa mwaka mzima. Kwa mwaka! Na kwamba hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa sahihi. Nilipofunga simu usiku ule nilijiona tajiri.

Hesabu ya mtaani ni nyingine. Zahanati ya kwanza tuliyokwenda, ya mtu binafsi, hawakutaja dawa kabisa. Walitaja siti skani ya kichwa, na bei yake ingemaliza kodi yetu ya miezi minne. Tukarudi nyumbani. Ni nesi mmoja mtu mzima, jirani wa mama mkubwa kule Mwananyamala, aliyetufungua macho. Akasema, "Mwanangu, usianze na mashine. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, uliza kliniki ya afya ya akili. Kifafa wanakiona hapo." Mdogo wangu akakasirika: mimi si kichaa. Lakini ndivyo ilivyo, kwenye hospitali zetu nyingi wagonjwa wa kifafa wanahudumiwa kwenye kliniki ya akili, na ni msaada mkubwa kulijua hilo mapema. Tukapata fenobabitoni. Kuanguka kukapungua sana, ila alikuwa analala mchana kutwa, anaongea taratibu kama mtu aliye chini ya maji. Daktari akambadilishia kabamazepini. Hiyo ikamfaa. Hiyo pia ndiyo ambayo dirishani tuliambiwa imekwisha, mkanunue nje: shilingi 18,000 kwa mwezi, na onyo kwamba akikatisha ghafla anaweza kuanguka mfululizo na asizinduke. Kwa hiyo dola 5 ni kweli, lakini ni kweli kwa mgonjwa ambaye dawa ya bei rahisi inamkubali, na ipo, na hakulipa nauli.

Bima hatuna. NHIF ilianza na watumishi wa serikali, na sisi wa kopi na chapati tulikuja kukumbukwa baadaye, kwa vifurushi ambavyo hela yake unatakiwa uitoe yote kwa mkupuo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa bungeni 2023, na mimi si wa kuibeza. Ila dawa inamezwa asubuhi na jioni, haingoji utekelezaji.

Ndipo tukaambiwa kuhusu msamaha. Utaratibu ni huu: unaanza kwa mjumbe, mjumbe anakupeleka serikali ya mtaa, unapewa barua, unaipeleka kwa afisa ustawi wa jamii hospitalini, naye anakuhoji. Usiku wa kuamkia siku ya kwenda, mdogo wangu aliniambia jambo moja tu. "Kaka, usiandike kifafa. Andika presha."

Niliandika kifafa.

Sababu zangu zilikuwa safi. Barua ya uongo ingekutana na faili la ukweli na tungeonekana matapeli. Isitoshe, nilijiambia, ugonjwa si aibu, tukiuficha tunawasaidia wanaosema ni laana. Yote hayo bado nayaamini. Mtendaji akaichukua barua, akaisoma kwa sauti kama anavyozisoma zote kabla ya kugonga muhuri, na kwenye benchi palikuwa na watu saba. Wawili kati yao walikuwa wateja wake wa chapati.

Alikuwa anauza chapati 40 kwa siku, 300 kila moja. Wiki ile zikawa 30, wiki iliyofuata 15. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyesema neno. Walinunua mahali pengine tu. Binti wa jirani aliyekuwa akikaa naye karibu na jiko, kwa tahadhari, akaanza kuwa na kazi nyingi za shule. Kwa hiyo, ili kuokoa 18,000 kwa mwezi, nilimpotezea mauzo ya 7,500 kwa siku. Mimi, mtu wa steshenari, nisiyekosea hesabu.

Wasomaji wa hapa mnaifahamu Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri, tafsiri ya kwanza ikatoka 1963, kisha akairekebisha na kuitoa upya 1969. Kuna tukio pale mwanzoni ambalo zamani nilipita juu yake. Kaizari anaanguka sokoni mbele ya umati, povu mdomoni, hawezi kusema. Sisi hatuoni, tunasimuliwa na Casca, tena kwa dharau. Na kwenye masimulizi hayo kuna kitu kidogo: Kaizari alipozinduka aliwaomba radhi waliokuwepo, wamchukulie kwamba yalikuwa maradhi yake tu, na wanawake kadhaa waliosimama karibu wakamsamehe. Mtu mwenye nguvu kuliko wote Roma anaamka kutoka kifafa, na anachofanya ni kuomba msamaha. Casca anacheka. Anaona ni maigizo ya kutafuta huruma, na wanawake wale anawaona wajinga. Ukikaa kwenye benchi la ustawi wa jamii utamkuta Casca huko pia. Ndiye anayenong'ona, "Huyo naye hana uwezo? Simu aliyoshika umeiona?"

Nafikiri sana juu ya Mwalimu akitafuta Kiswahili cha tukio lile, yeye aliyeyahesabu maradhi kuwa mmoja wa maadui watatu wa taifa. Katika siasa ya ujamaa, mtu wa kawaida aliingia hospitali ya serikali bila kulipa. Rafu zilikuwa tupu mara nyingi, wazee wetu wanasimulia, tusipambe. Lakini hapakuwa na msamaha kwa sababu hapakuwa na deni. Uchangiaji wa gharama ulipoanza 1993, palipowekwa bei ikabidi pawekwe na mlango wa pembeni kwa wasio na bei hiyo, na mlango ule unahitaji mlinzi, na mlinzi anahitaji kujua kwa nini unapita.

Sitaki kumfanya mlinzi kuwa mwovu. Dada aliyetuhoji alikuwa mpole, alimwita mdogo wangu "mdogo wangu" pia. Alituonyesha daftari lake. Kila jina analoandika ni fedha ambayo hospitali haitaipata, na fedha hiyo ndiyo inayonunua dawa zinazofuata. Akimsamehe asiyestahili, anamnyima anayestahili. "Ningekuwa na uwezo wa kuwapa wote," alisema, "ningechoma hili daftari." Hoja yake ina uzito. Mimi mwenyewe nimemchapia barua ya kutokuwa na uwezo mtu aliyekuja na bodaboda mbili, zote zake.

Lakini kuna magonjwa ambayo hayana daftari. Dawa za kifua kikuu ni bure kwa kila mtu. Dawa za kupunguza makali ya VVU ni bure kwa kila mtu, tangu mpango wa taifa uanze 2004. Hata mwenye ghorofa Masaki akienda, anapewa, na hakuna anayemuuliza mjumbe wake. Fedha za wafadhili zina sehemu kubwa katika hilo, sikatai. Ila iko na sababu nyingine ambayo tunaitamka bila haya: magonjwa haya yanaambukiza, ukimtibu mmoja umewakinga wengine. Maana yake, tunampa bure yule ambaye ugonjwa wake unaweza kutufikia. Mdogo wangu hawezi kutuambukiza, na yeye ilimbidi kwanza athibitishe umaskini wake. Na hapo ndipo ninapochoka kabisa, kwa sababu mtaa mzima unamkimbia mdogo wangu kana kwamba anaambukiza, na dirisha la dawa linampa bei kwa kuwa haambukizi. Kote kuwili anapoteza. Hofu yetu ingekuwa ya kweli, angetibiwa bure.

Kama wema wetu unapimwa kwa kiasi cha hatari tunayoiona kwetu wenyewe, sijui kama tuuite wema. Labda ni busara. Busara si kitu kibaya, inajenga mifereji na kuchanja watoto. Lakini haitoshi kumtoa mtu mkono kwenye jiko, maana aliyesimama anatazama hana hatari yoyote kama asipogusa. Mimi nilisimama. Sikuwa na hoja yoyote kichwani wakati ule, lakini miguu yangu ilikuwa nayo.

Kuna wanaoniambia kosa langu halikuwa kuandika kifafa, kosa ni la wale walioacha kununua chapati. Rafiki yangu mmoja, mwalimu, analisema hili kwa ukali sana. Namwelewa, na siku nyingine nakubaliana naye. Lakini siri ilikuwa ya mdogo wangu, si yangu, wala ya jamii inayohitaji kuelimishwa. Kama kuna mtu alitakiwa kuutumia ugonjwa ule kuelimisha Mbagala ni yeye, kwa saa atakayoichagua. Aliniomba neno moja kwenye karatasi, nami nikampa kanuni.

Msamaha tulipewa. Tulipouleta dirishani, kabamazepini haikuwepo, tukaandikiwa tukanunue nje.

Sasa anaamka alfajiri siku za Jumamosi, anavuka mji mpaka Mwananyamala kwa mama mkubwa, anauza chapati huko ambako hawamjui. Hajaanguka kwa miezi mitano. Dawa ananunua huko huko, famasi ambayo haimuulizi kitu zaidi ya cheti cha daktari. Barua nilimpelekea juzi, nikamwambia tarehe yake bado haijaisha, inaweza kufaa siku dawa ikiwepo. Akaikunja tena vilevile ilivyokuwa, akanirudishia.

Nikamwambia naomba unisamehe. Alikuwa anakanda unga, hakugeuka.

"Una elfu tisa hapo?" akaniuliza. "Nusu nimeshaipata."