Mtoto Huyu Yuko Hivi Tangu Lini?

Somo: Marko 9:14–29



Yesu aliposhuka mlimani alikuta zogo. Waandishi wanabishana na wanafunzi wake, umati umewazunguka, na katikati yuko baba aliyemleta mwanawe aponywe, wanafunzi wakashindwa. Wakubwa wanashindana kwa maneno, mtoto bado anaumwa. Nikifika hapo huwa naona aibu kidogo, maana nimekaa vikao vya namna hiyo.

Mtoto alipoletwa, akaanguka na kugaagaa chini, Yesu alimwuliza baba yake hali hiyo ilianza lini. Baba akajibu kwamba ilianza utotoni, akaeleza jinsi mwanawe anavyotupwa motoni na majini. Sisi wahubiri hulipita swali hili mbio ili tuwahi muujiza. Leo naomba tukae hapa. Daktari wa magonjwa ya akili naye huanza na swali hilo hilo, na likiulizwa kwa upole humpa mzazi nafasi ya kutamka jambo ambalo pengine amelificha kwa miaka.

Jibu la yule baba lingetolewa na wazazi wengi leo. Shirika la Afya Duniani linasema karibu theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya mtu kufikisha miaka 14, na mengi hayagunduliwi wala kutibiwa. Katika kila vijana saba wa miaka 10 hadi 19 duniani, mmoja anaishi na tatizo la aina hiyo. Katika darasa la kipaimara lenye watoto 35, hao ni kama watano. Tunawafundisha amri kumi na kuwapiga picha siku ya sherehe, na hatuwajui.

Hatuwajui kwa sababu tukisikia ugonjwa wa akili tunamwaza mtu anayeokota makopo barabarani. Kwa mtoto mambo huja kivingine. Chukueni binti wa darasa la sita aliyekuwa akianzisha mapambio Shule ya Jumapili. Sasa anakaa benchi la nyuma. Kila Jumatatu asubuhi tumbo linamuuma; zahanati wanapima malaria, hawaoni kitu. Ameanza kukojoa kitandani, jambo aliloliacha akiwa na miaka mitatu. Daftari lake la hisabati limekwaruzwa kwa kalamu mpaka karatasi imechanika. Nyumbani wanasema amekuwa mkaidi, shuleni anachapwa kwa uvivu, kanisani tunamwekea mikono na kukemea. Baba yake alizikwa mwezi wa tatu, na tangu siku ile hakuna mtu mzima aliyeketi naye akamwuliza habari za msiba huo.

Tunapenda kusema samaki mkunje angali mbichi. Mara nyingi tunayasema hayo tukiwa na fimbo mkononi.

Sisemi tuache kumwombea. Yule baba alikiri mbele ya watu kwamba imani yake ni pungufu, na hakufukuzwa. Ninachokataa ni kumwambia mama asimamishe dawa za mtoto ili athibitishe imani yake. Hilo halina andiko, na mtumishi anayelisema anacheza na uhai wa mtoto wa mwenzake.

Tena kanisa lilishawahi kulielewa jambo hili. Pale Lutindi, katika milima ya Usambara wilayani Korogwe, wamisionari Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19 walijenga makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Fikirini watoto wale walikuwa wameona nini. Miaka michache baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, mahali pale pakageuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na mpaka leo ni hospitali ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT). Katika milima ile wagonjwa wamekuwa wakilima na kufanya kazi za mikono kama sehemu ya kupona kwao. Ni historia yetu, na sisi tunaendelea kutaniana, “Wewe utapelekwa Milembe!”, kana kwamba kutibiwa katika hospitali hiyo ya wagonjwa wa akili kule Dodoma ni fedheha.

Mzaha huo unagharimu. Mzazi anaficha mtoto, mtoto anaacha shule, na miaka kumi baadaye tunakutana naye polisi, au kwenye vijiwe vya gongo, au tunaitwa kumzika na familia inatuomba tusiseme alikufaje. Jamii hulipa tu. Kama haikulipia muuguzi wa kliniki, italipia mahabusu, na hiyo ya pili ni ghali zaidi. Wengine hudhani huduma hizi ni anasa za nchi tajiri. Mimi naona nchi isiyo na fedha za kuchezea ndiyo yenye haja kubwa ya kumtibu mtoto mapema.

Na huduma yenyewe ni haba. Ukitoka miji mikubwa, daktari bingwa wa afya ya akili ya watoto ni wa kutafuta kwa tochi. Mama akipewa rufaa, anarudi nyumbani kuhesabu nauli, na rufaa inaishia kabatini. Yule baba wa Marko aliomba ahurumiwe yeye pamoja na mwanawe. Alijua kwamba mtoto akiumwa hivyo, nyumba nzima inaumwa.

Basi, wapendwa, kamati ya diakonia iweke fungu la nauli za kliniki kama tunavyoweka fungu la misiba. Diwani akija kutusalimia, aulizwe kituo chetu cha afya kina nani wa kuwaona watoto hawa, na aulizwe tena akirudi. Walimu mlio hapa, mtoto aliyebadilika ghafla msimchape kabla ya kumsikiliza. Na mtoto au mzazi ambaye hana wa kumwambia, Simu kwa Mtoto ni namba 116, kupiga ni bure.