Mali na Furaha ya Moyo



Wengi husema moyoni: Ningekuwa tajiri, ningefurahi. Ni kweli, mwenye njaa hana raha. Chumvi, nguo na dawa ni mapaji ya Mungu. Lakini mali nyingi kupita kiasi, je, huzidisha furaha?

Tazameni Gbadolite. Huko Rais Mobutu alijijengea majumba ya marumaru na uwanja wa ndege kubwa. Mwezi wa Mei 1997 alikimbia, naye mgonjwa, majumba yakaporwa. Mwezi wa Septemba akafa Rabat, nchi ya Moroko, akazikwa ugenini. Mali haikumponya wala haikumfuata.

Sasa mtazameni Zakayo, mkubwa wa watoza ushuru wa Yeriko. Alikuwa tajiri, lakini alipanda mti ili amwone Yezu, maana moyo wake ulikuwa bado na njaa. Akampokea Bwana kwa furaha. Akaahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, na kuwarudishia mara nne aliowadhulumu.

Basi, ndugu, kabla ya Ubatizo kila mmoja ajiulize: Je, ninashika kitu cha jirani? Mbuzi wake, ujira wake, sehemu ya shamba lake? Akirudishe leo. Mkono uliofumbwa haupokei neema.